Kinyumenyume kwa Bana Chanda

Kuna watu hapa Kashikishi ambao jina langu hawalijui, lakini nikiwapa mgongo tu wananitambua, wanaanza kucheka, na wengine wanatembea kinyumenyume katikati ya barabara mpaka wanagongwa na baiskeli. Nimeificha habari hii muda mrefu, jamani, ila kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna anayesema siku hiyo nilikuwa nimelewa, uongo mtupu, nilikuwa sijagusa hata tone), kwa hiyo afadhali mwenye aibu niitoe mwenyewe, tena yote.

Mimi ni mtu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Nilivuka nikiwa kijana, nikaona soko la samaki la Kashikishi, nikaona wanunuzi wa kwetu wanaongea Kiswahili na akina mama wauzaji wanawajibu kwa Kibemba, kila mmoja anapandisha sauti akidhani mwenzake ni kiziwi, nikasimama katikati yao nikaanza kufasiri, na sikurudi tena Kilwa isipokuwa kwa misiba. Kinywa changu ndicho jembe langu. Hapo hapo sokoni nilimpata Chanda, akiuza samaki wakavu, makobo, binti mrefu asiyecheka ovyo, nikamwoa kwa taratibu zote isipokuwa moja iliyobaki, na hiyo moja ndiyo iliyonitoa roho.

Huku kwao, na hata kwetu Kilwa nikisema kweli, mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Hamtazami usoni, halitaji jina lake, hali mbele yake, hamgusi hata kwa bahati mbaya, na wakikutana njiani kila mmoja anaingia kwenye majani upande wake na kugeuka mpaka mwenzake apite. Inakwenda hivyo mpaka siku ukoo wa mke useme basi, huyu kijana tumemwona, hapo wanawake wanapika vyungu kumi au kumi na viwili, wanavibeba vichwani kwa nyimbo, wanakuketisha kwenye mkeka na kukufunulia kimoja kimoja, ndiyo matebeto yenyewe, na siku hiyo unaingizwa, unamwona mama mkwe ana kwa ana, unakuwa mtoto wa nyumba. Kabla ya hapo wewe ni mpita njia tu uliyeshika mkono wa binti ya watu. Mimi nilikuwa nimemaliza mwaka na nusu bila kuuona uso wa Bana Chanda (ndivyo wanavyoitwa akina mama huku, kwa jina la mtoto wa kwanza). Niliijua sauti yake, nilikijua kikohozi chake, nilikijua kisigino chake cha kushoto kwa sababu ndicho kilichokuwa cha mwisho kupotea kwenye majani. Basi. Na wiki ile ninayoisimulia, mjomba wa Chanda, Yama Chola, ambaye kwa ukoo wao neno lake ndilo la mwisho, alikuwa amekwisha kuniita pembeni na kuniambia, "Mumba, jiweke tayari, baada ya wiki mbili tunakuingiza." Mihogo ya matebeto ilikuwa tayari imelowekwa. Nilikuwa nalala nikitabasamu kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Sasa niwape habari za mwandishi. Mliosoma shule za ng'ambo mnamjua Kalenga Mwimbi, na msiomjua niwaambie kwamba alikuwa mwandishi mkubwa kuliko wote kule, watoto wa Lubumbashi walikuwa wanakariri kurasa zake na kuchapwa wakikosea. Zamani, akiwa kijana hana hata viatu, alitembea siku moja kando ya ziwa letu, kutoka boma la Nchelenge mpaka Kashikishi, na baadaye akaiandika siku hiyo yote kwa tumbo: hapa nilikula hiki, pale nilikunywa kile, huyu alinipimia kidogo, yule alinijazia. Mfanyabiashara mmoja aliniletea kitabu hicho kikiwa hakina jalada, nikaisoma sura ya ziwa mpaka nikaijua kwa kichwa. Nilijivuna, msinicheke, maana unaishi mahali miaka yote ukidhani ni mahali pa matope na nzi tu, kumbe pameandikwa! Na sura yenyewe inaishia kwenye nyumba ya mwisho ya Kashikishi, ambapo mwanamke kijana alimpa mayai ya mpumbu, yule samaki anayepanda mtoni, yaliyofungwa kwenye jani na kuchomwa kwenye majivu, akamwekea na chungu cha katubi, ile pombe ya ulezi inayomiminiwa maji moto na kunyonywa kwa mrija wa tete, kisha akamcheka kwa jinsi alivyoushika mrija.

Nilipouliza mwanamke huyo ni nani, nikaambiwa ni Bana Chanda.

Mama mkwe wangu yumo kitabuni! Nilitembea siku tatu kifua mbele kama mimi ndiye niliyempika mpumbu. Chanda alipomwuliza mama yake, alijibu tu, "Yule mwenye kalamu? Alikula mpaka chakula cha baba yako," akaendelea kutwanga.

Basi ikaja barua. Ilivushwa na mtumbwi wa wanunuzi kutoka Kilwa, imeandikwa na mama mmoja directrice, yaani mkuu, wa shule ya wasichana huko Lubumbashi, Citoyenne Ngoie (miaka ile ya sabini ng'ambo kila mtu alikuwa citoyen au citoyenne, ukimwita mtu bwana unatafuta matata). Aliandika hivi: "Citoyen, tulisikia kama ni weye njo unajua fasi zote za mu kitabu. Tuko bantu munane. Tunataka kutembea na miguu sawa yeye, tukule bile alikulaka, tukunywe bile alikunywaka. Na ule mama wa mayai ya mpumbu, angali muzima?"

Ningeweza kuandika yuko, nikaweka nukta, nikalala. Nukta moja tu! Lakini niliiona ile barua imepigwa kwa mashine, ina muhuri, jina langu juu yake, kichwa kikavimba, nikachukua kalamu nikajibu: "Angali muzima kabisa. Ule mama ni sawa mama yangu wa kunizala. Miye ninaingiaka na ninatokaka mu nyumba yake kila siku." Nikaikunja, nikaipeleka kwenye mtumbwi, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Chanda hakuiona barua hiyo. Nilimwambia tu wageni wanakuja, akaenda kwa mama yake, akarudi na jibu: wageni waje, atawapikia kama alivyompikia yule wa kwanza, mayai ya mpumbu ataagiza kwa kaka yake mwingine huko juu mtoni (mpumbu siku hizo walikuwa wamekwisha kuwa adimu, kwa hiyo hiyo ilikuwa heshima kubwa), ila "yule mtu wako abaki nje ya ua." Ilikuwa haki kabisa. Tukapanga kwamba nikifika uani nitasimama, Chanda atawapokea wageni na kuwaingiza, mimi nitawangojea nje kwenye kichanja cha mihogo. Mpango safi, ungenifikisha kwenye matebeto bila doa.

Wakaja Jumamosi asubuhi, mvua ya usiku imeacha njia yote matope. Wanaume wamevaa abakosi zao, zile suti za ng'ambo zisizo na tai, zilizonyooshwa mpaka unaogopa kuwapa mkono, akina mama wamefunga vitenge vipya na vilemba virefu, na Citoyen Ilunga, mwalimu wa Kifaransa mwenye tumbo la kuheshimika, amekibeba kitabu kifuani ndani ya nailoni kama mtoto mchanga. Nikawapanga pale ufukweni Nchelenge, nikakohoa, nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najikuna kichwa: "Ba citoyens na ba citoyennes, mwandishi wetu alikulaka na heshima ya hapa. Kila fasi tutafika, muniangalie miye. Kile niko nafanya, na beye mufanye."

Wakapenda sana. Citoyen Ilunga aliandika.

Na niseme bila haya, nusu ya kwanza ya safari ile ilikuwa kazi ya maisha yangu. Pale Nchelenge tulikula samaki wadogo wa kukaanga na kunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, nikaonyesha jinsi ya kupokea kikombe kwa mikono miwili na kukunja magoti kidogo, na watu wanane wa Lubumbashi wakakunja magoti kwenye matope kwa pamoja kama kwaya. Mbele kidogo tukala mihogo ya kuchoma na karanga, nikawasomea kwa kichwa maneno ya mwandishi kuhusu mihogo hiyo, neno kwa neno, Citoyen Ilunga akinifuata kwa kidole kitabuni na kutikisa kichwa kwa mshangao. Kwa mama mmoja karibu na njia ya sokoni tukala bukari, ule ugali wa huku, na sombe ya majani ya mihogo na makobo, mpaka Citoyenne Ngoie akafungua mkanda wa kitenge akafunga upya, akasema, "Citoyen, weye uko sawa professeur." Professeur! Mimi, mtu wa kusimama katikati ya mizani na nzi! Watu walikuwa wanatoka vibandani kututazama, wengine wakaanza kutufuata, na mimi nilikuwa natembea mbele mikono nyuma, polepole, kama chifu anayekagua mashamba. Dalili ya hatari ilikuwepo, sikatai. Nilipiga chafya, nikasikia nyuma yangu watu watatu wanapiga chafya.

Tukafika nyumba ya mwisho. Ua wa matete, kichanja cha mihogo nje, moshi unatoka jikoni, harufu ya jani la mgomba linaloungua kwenye majivu. Nyuma yetu nusu ya soko. Ndani ya ua, chini ya paa la jikoni, nilimwona Yama Chola ameketi na mrija wake mdomoni, amevaa koti, amekuja kushuhudia heshima ya dada yake. Nikasimama kwenye kichanja kama tulivyopanga, Chanda akatoka, amependeza, akapiga goti kidogo. "Mwaiseni mukwai, karibuni sana. Miye njo nitawaingiza."

"Na weye, citoyen?" Citoyenne Ngoie akaniuliza.

"Miye nitabangojea hapa, mama. Muingie tu."

"Hapana, hapana." Akafungua mkoba wake. Nikaona karatasi. Nikaijua karatasi yangu kabla hajaikunjua. "Citoyen, weye mwenyewe uliandikaka," akasema, akaanza kuisoma kwa ile sauti ya directrice inayosikika mpaka darasa la mwisho: "Ule mama ni sawa mama yangu wa kunizala! Ninaingiaka na ninatokaka mu nyumba yake kila siku!"

Watu wa soko wote wanajua Kiswahili cha kuuzia samaki, na hicho kilitosha. Nilisikia mtu anavuta pumzi. Chanda aliniangalia, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Ndani ya ua Yama Chola akautoa mrija mdomoni polepole, akauweka chini.

Hapo palikuwa na njia. Maneno matatu tu, "ni mama mkwe," na kila mtu pale, wa huku na wa ng'ambo, angeelewa na kunisamehe. Lakini ningeonekana mwongo mbele ya watu walioniita professeur, na nilikuwa nimeshiba sifa kuliko samaki. Nikawaza haraka haraka: kosa ni kumtazama. Nisipomtazama hakuna kosa. Nikasema, "Bon. Twende. Lakini hii nyumba iko na namna yake ya kuingia." Nikageuka, nikampa mama mkwe wangu mgongo, nikaanza kuingia uani kinyumenyume.

Wakageuka wote.

Wanane! Abakosi na vilemba, wanarudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo, akina mama wameshikana mikono, viatu vya visigino vinazama kwenye matope, na nje ya ua soko zima limenyamaza kimya kwanza, kama watu wanaosubiri mwisho wa sala. Nilijaribu kuwaambia, hapana, nyinyi ingieni kawaida, lakini Citoyen Ilunga alikuwa amekwisha kulipata fungu lake kitabuni, akapaza sauti huku akirudi nyuma: "Muone! Hapa anasema, 'Niliingia mu lupango lwake na heshima yenye sikuikuwa najua.' Njo hii! Njo hii heshima!" Na mwenzake akasema, "Kweli, mu masomo hatukuelewaka hii mustari hata siku moja."

Sasa lile ambalo sikulijua, na nani angelijua, maana nilikuwa nimeupa ua mgongo: Bana Chanda naye alikuwa anatoka jikoni. Amebeba ungo kichwani, mayai ya mpumbu yamefungwa vifurushi kumi kwenye majani, chungu cha katubi kimekwisha wekwa kwenye mkeka katikati ya ua. Akasikia sauti ya mkwe wake ndani ya ua. Mwanamke mwingine angepiga kelele, angekimbia. Yeye hakutaka kuwaaibisha wageni kwa kuwakimbia na chakula chao, wala hakutaka kuvunja heshima kwa kunitazama, kwa hiyo akafanya kile kile nilichofanya mimi. Akageuka. Akanipa mgongo, na akaanza kuja kwenye mkeka kinyumenyume, akipapasa njia kwa kisigino.

Watu wawili wanaheshimiana mno, jamani. Kila mmoja anajitahidi asimwone mwenzake, na wote wawili wanaelekea chungu kimoja.

Tuligongana matako kwa matako. Sitalipamba. Ulikuwa mgongano wa haki, wenye uzito pande zote mbili, na watu wa soko waliutoa ule mlio wa pamoja, "Yooo!" Ungo uliruka. Bana Chanda alipepesuka, Chanda akamdaka. Mimi hakuna aliyenidaka, nilikwenda chini nikaketi barabara juu ya chungu cha katubi, chungu kikapasuka, na ulezi wa moto ukanipata mahali ambapo sitapataja. Nilibaki hapo nimekaa, macho yangu kwenye matete ya ua, sijageuza shingo hata kidogo, nikisikia mbwa wa Yama Chola anakula mayai ya mpumbu jani na yote.

Mngedhani aibu imekwisha. Nilisikia makofi. Wageni walikuwa wanapiga makofi! Halafu Citoyen Ilunga akasema, "Alors, ni zamu yetu," akampa Citoyenne Ngoie mgongo, na kabla sijafungua mdomo, yule mwalimu wa Kifaransa na yule directrice wakarudi nyuma kwa heshima zote na kugongana, puu, kilemba kikaanguka, na wale wengine wanatafutana wawili wawili. Soko likavunjika. Watu walilala chini. Kuna mama mmoja muuza chumvi alicheka mpaka akashikiliwa, na mpaka leo akiniona anashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza mihogo iliyolowekwa. Nimemgusa mama mkwe, mbele ya watu, wiki mbili kabla ya kuingizwa. Watu wamechukuliwa wake zao kwa mambo madogo kuliko hayo. Sikuogopa kicheko tena, niliogopa kwamba jioni ile Chanda atafunga vitu vyake na kurudi kwenye nyumba ambayo mimi sitaruhusiwa kuikaribia.

Kisha Yama Chola akasimama, na kila mtu akanyamaza. Akaongea kwa Kibemba, taratibu. "Mumba. Kazi yako si kufasiri? Fasiri."

Nikafasiri. Nimekaa kwenye ulezi, uso kwenye ua, nikawafasiria wageni wangu kesi yangu mwenyewe. "Anauliza, ni nani alimwambia ule mutu aingie mu lupango." Akasema tena. "Anasema, ule mutu alipewa fasi yake, inje." Akasema tena. "Anasema nibaambie ule mama ni nani kwangu." Nikajibu mwenyewe. "Ule mama ni mama ya bibi yangu. Sijapata kumuona uso hata siku moja. Haikubaliwe nimuone. Ile barua ilikuwa bongo, nilibadanganya."

Nikasikia kitu kinaanguka kwenye matope, ni Citoyenne Ngoie amepiga magoti yote mawili na kitenge chake kipya.

"Buko?" akasema. "Ule mama ni buko yako? Yoo, mama yangu! Na weye uko natuingiza kule sawa mbuzi mu shamba ya bantu! Mupige magoti, bote! Ilunga, funga ile kitabu!" (Naye ana wakwe, kumbe, watatu.) Wageni wote wakapiga magoti, wameupa mlango mgongo, na yeye akatambaa hivyo hivyo mpaka kwenye nyumba alikokimbilia Bana Chanda, akabisha, akaingia na Chanda, mlango ukafungwa.

Walikaa muda gani sijui. Matako yangu yanasema muda mrefu. Kwanza tulisikia kilio cha mtu mmoja, kisha Citoyenne Ngoie anaongea na Chanda anafasiri, nikawaza, hata kazi yangu imechukuliwa. Kisha kitu ambacho sikukitegemea, wanawake watatu wanacheka humo ndani, wanajizuia, wanashindwa, wanacheka tena.

Ndipo Bana Chanda akapaza sauti kutoka ndani, hakuniambia mimi, alimwambia kaka yake, kwa Kibemba, nami nawafasiria kama alivyosema. "Chola, yule aliyekalia katubi yangu bado yupo?"

"Yupo," akajibu Yama Chola.

"Mwambie hivi. Ukimgonga mtu, lazima ageuke kutazama amegongwa na nini. Hata mbuzi angegeuka. Huyu alianguka, akaungua, na shingo yake haikusogea. Mimi nilichungulia kwenye tundu, nikamwona anatazama ua tu, mpaka sasa anatazama ua. Heshima ya kuambiwa na watu ninaijua. Hiyo ya leo sikuwahi kuiona." Akaongeza, "Kwa ile barua alete kuku wawili. Kwa chungu alete chungu. Mihogo isitolewe majini."

Nililia pale pale, wala sikujifuta, maana mikono yote ilikuwa ina ulezi. Yama Chola alikuja, akanishika bega, akanigeuza kwa upole kuelekea nje, akanisukuma taratibu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikatoka kwenye ua ule nikitembea kama mtu. Wageni walibaki wakagawiwa vifurushi viwili ambavyo mbwa hakuvifikia, kila mmoja kipande cha ukubwa wa ukucha, na Citoyen Ilunga alifumba macho akasema mwandishi hakutia chumvi hata kidogo. Walirudi ng'ambo wakisema hawajawahi kutembezwa namna ile. Nami naamini, kwa sababu wengine walikuja mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena, na ninaowatembeza leo wanajua vizuri ni nyumba zipi naingia na zipi nasimamia nje, maana niliapa pale pale kwenye kichanja cha mihogo kwamba sitajisifia tena mlango ambao haujafunguliwa kwa ajili yangu, hata nikiandikiwa na rais.

Baada ya wiki mbili waliniingiza. Vyungu vilikuwa kumi na viwili, nyimbo zilianza kusikika kabla vichwa havijaonekana, na majirani wote walikuja, wengi wao nina hakika walikuja kuangalia kama nitaanguka tena. Nilikaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa. Walinifunulia chungu kimoja kimoja, nikaonja, nikashukuru, mpaka cha mwisho, na aliyekifunua cha mwisho nilimwona mikono tu, mikono mifupi yenye makovu ya moto, ikanyanyua kidevu changu.

Nilidhani atakuwa mkali. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, ana pengo mbele, ana macho ya Chanda kabisa, na alikuwa ananitazama kama mtu aliyenisubiri muda mrefu kuliko nilivyomsubiri.

"Mumba, mwanangu," akasema, "kula."

Nilikula. Nililia pia, ndiyo, mbele ya watu wote, mpaka machozi yakaingia kwenye sombe, na katika mambo yote ya mwezi ule hilo ndilo pekee ambalo sioni aibu kulisema mahali popote.